Je, Jirani Yako Amesikia?



Leo nataka kuwaeleza habari ya swali moja nililoulizwa na mama mmoja, maskini, tena mgeni katika kijiji chetu cha huku Bukoba Vijijini. Aliniuliza akiwa amekaa sakafuni, kando ya kitanda cha mtoto wake hospitalini. Alisema hivi: “Mzee, siku ile mlipopita na kipaza sauti, mlisema nini?”

Nilikosa jibu. Mimi niliyefundisha shule miaka mingi, niliyezoea kuuliza maswali na kupewa majibu, siku ile niliinamisha kichwa kama mtoto aliyesahau somo lake. Ningeweza kuificha habari hii, maana hainipi sifa. Lakini naona yafaa niwasimulie, kwa kuwa lililonipata mimi laweza kumpata yeyote kati yenu, hasa ninyi mlio viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista, wazee wa vitongoji na mama wa nyumbani.

Mnakumbuka mwezi wa Machi, mwaka 2023. Tulikuwa katika siku za Kwaresima. Habari zilienea kwamba katika kata za Maruku na Kanyangereko watu wanashikwa na homa kali, wanatapika, wengine wanatoka damu, kisha wanakufa. Tarehe 16 Machi Serikali ilitangaza kwamba kuna ugonjwa usiojulikana, na kwamba kati ya watu 7 walioonekana nao, 5 wamekwisha kufa. Tarehe 21 Machi, Waziri wa Afya wa wakati ule, Bi Ummy Mwalimu, akatangaza jina la ugonjwa wenyewe: Marburg.

Ugonjwa huu hauruki hewani kama mafua. Hupita katika damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na hata ya maiti yake. Mtu aliyeambukizwa aweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla ya kuugua. Kwa hiyo kila aliyemgusa mgonjwa yapasa aangaliwe kwa siku 21. Wakati ule hapakuwa na chanjo wala dawa ya ugonjwa huu iliyokwisha kuidhinishwa. Lakini mgonjwa akiwahi hospitali, akapewa maji mwilini na kutunzwa vema, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Basi mwaona ya kuwa silaha kubwa ilikuwa habari: mtu ajue, aseme mapema, asiguse, asifiche.

Nanyi mwajua desturi zetu. Huku kwetu mtu akifa hatuachi wafiwa peke yao. Twalala msibani juu ya majani, twaosha maiti kwa mikono yetu, twagusana na kulia pamoja. Mambo haya ni ya upendo, tena ya Kikristo. Lakini siku zile yalikuwa mlango wa kifo. Watu walipaswa kuambiwa, tena upesi.

Katika kijiji chetu hapakupatikana mgonjwa hata mmoja wa Marburg. Hata hivyo tuliunda kamati ya kutangaza, nami nikachaguliwa kuwa msemaji, ati kwa sababu mwalimu anajua kusema. Tulipata pikipiki na kipaza sauti. Siku mbili tulizunguka njia zote za katikati ya vibanja, nikisema kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya. Nilisema: “Msipeane mikono. Msimguse mgonjwa wala maiti. Mwenye homa apelekwe kituo cha afya mara moja. Atakayeshukiwa atatengwa mahali pake. Mkimwona mgeni mwenye homa, toeni taarifa.” Watu walitoka nje wakasikiliza. Wazee waliniuliza maswali. Nilirudi nyumbani jioni, sauti imekauka, nikijiona nimetimiza wajibu wangu.

Lakini kulikuwa na sehemu moja ambayo hatukufika. Nyuma ya vibanja vyetu, mahali mgomba unapokoma na rweya kuanza, kuna vibanda vya vibarua. Wengine wametoka Burundi. Wengine ni Wahangaza wa Ngara, Watanzania kama sisi, ila lugha yao ni jamaa ya Kirundi. Hao ndio wanaotulimia, wanaotupalilia, wanaotuchumia kahawa na kutukatia majani ya kutandaza chini ya migomba. Wanaume husema Kiswahili cha shambani, cha kupatana ujira. Wanawake wengi hujua maneno machache tu. Tulipofika kwenye njia ya kushukia kwao, kijana wa pikipiki aliniuliza: “Mwalimu, tushuke na huko?” Nami nikamjibu: “Twende zetu, jua limekuwa kali. Wale watasikia kwa matajiri wao.”

Hilo ndilo kosa langu, ndugu msomaji.

Maana sauti ya kipaza sauti ilishuka peke yake ikawafikia, imekatwakatwa na upepo. Katika maneno yangu yote walishika manne tu: “ugonjwa”, “mgeni”, “atatengwa”, na “taarifa”. Sasa jitie wewe mahali pao. Katika vibanda vile walikuwamo watu walioikumbuka Septemba ya mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, ambapo wageni wasio na vibali waliondolewa katika mikoa ya mipakani, na Kagera ikiwamo. Mtu wa namna hiyo akisikia maneno “mgeni” na “taarifa” yakitoka katika kipaza sauti, atafikiri nini? Hatafikiri habari ya ugonjwa. Atafikiri kwamba anatafutwa.

Siku chache baadaye mtoto wa mama yule, mvulana wa miaka minne, alishikwa na homa. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi mbali. Mama akafunga mlango. Akamkanda mtoto kwa maji, akamnywesha majani aliyoyajua, akamzuia asilie kwa sauti. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mke wangu alikuwa akimngojea mama yule aje kuvuna maharagwe. Alipoona haji, wala hana desturi ya kukosa, alishuka kumtazama. Aliita mlangoni, hakujibiwa. Akasikia kama mtu anakoroma. Hapo mke wangu alifanya jambo la busara kuliko yote niliyosema mimi kwa siku mbili. Hakuingia kwa pupa wala hakukimbia. Alimwita mhudumu wa afya wa kijiji, naye akaja na glavu zake. Wakamkuta mtoto amelegea, anatetemeka, macho yamepinduka.

Alipopimwa hakuonekana na Marburg hata kidogo. Ilikuwa malaria, ile malaria yetu ya kila siku, yenye dawa katika kila zahanati. Lakini kwa siku tatu za kufichwa ilikuwa imekula damu yake, hata ikabidi aongezewe damu hospitalini. Mwenyezi Mungu alimrehemu, akapona. Daktari alituambia kwamba lau wangalichelewa usiku mmoja zaidi, tungalimzika. Nawe wajua, msomaji, tungalimzika kwa hofu, na watu wangalisema ni wale wageni wametuletea ugonjwa.

Ndipo nilipokwenda kumtazama mtoto, na ndipo mama aliponiuliza lile swali: mlisema nini? Alipoona sijibu, akaongeza taratibu kwa Kiswahili chake kidogo: “Mimi nilisikia ‘mgeni’. Nikajua ni sisi.”

Njiani nikirudi nyumbani nilikumbuka mambo ya zamani. Vijana labda hamyajui, lakini wazee wenzangu mnayajua.

Baada ya vita vya mwaka 1978 na 1979, vile tulivyopigana na majeshi ya Idi Amin, biashara ya magendo ilishamiri sana mpakani. Katika bidhaa za siku zile palikuwa na nguo nzuri iliyopendwa na wasichana, ikiitwa Juliana. Kisha ukaja ugonjwa wa kukondesha watu. Kwa kuwa walioanza kuugua wengi walikuwa watu wa biashara na safari, huku kwetu ukaitwa Juliana, jina la ile nguo. Wengine wakasema ni uchawi wa watu wa ng’ambo. Kumbe na ng’ambo ya mpaka, katika mwalo wa Kasensero wilayani Rakai, watu walikuwa wakisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao! Kila upande ulimnyooshea kidole mwenzake, wala hakuna aliyemtazama adui mwenyewe. Adui alikuwa akipita katikati bila kizuizi.

Mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, walijulikana wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba, kwa kila watu wazima 100, kama 24 walikuwa na virusi. Hapana haja ya kuwasimulia makaburi tuliyochimba. Yapo hapo nyuma ya nyumba zetu, chini ya migomba.

Lakini kuna jambo ambalo hatupendi kulisema. Sifa ile mbaya ilitushika sisi Wahaya wote. Mimi siku zile nilikuwa mwalimu kijana katika mkoa mwingine, mbali na nyumbani. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nikajibu Bukoba, uso wake ulibadilika. Mwalimu mwenzangu mmoja alianza kuja shuleni na kikombe chake mwenyewe cha chai. Nikiingia chumba cha walimu, mazungumzo yalikatika. Kwa muda mrefu sikujua walikuwa wakizungumza nini. Kumbe walikuwa wakizungumza juu ya ugonjwa ule, jinsi unavyoambukizwa na jinsi ya kujikinga, mambo ambayo mimi niliyahitaji kuliko wao, maana nyumbani kwetu ndugu zangu walikuwa wakifa. Habari za Mhaya zilisemwa kila mahali, isipokuwa mbele ya Mhaya.

Siku ile nikitoka hospitalini nililiona jambo hili wazi. Yule mwalimu wa kikombe na mimi wa kipaza sauti tulikuwa mtu mmoja. Alininyima habari kwa kuniogopa, nami nilimnyima habari mama yule kwa kumdharau. Mtu ukimwekea lawama ya ugonjwa, huwezi tena kukaa naye na kumweleza. Utasema juu yake, wala hutasema naye. Na asiyeelezwa ndiye atakayeficha, na anayeficha ndiye atakayeangamia, pengine pamoja na wewe.

Tazameni jina hili Marburg. Ni jina la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, na pia Belgrade katika nchi ya Yugoslavia ya wakati ule, waliugua baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Waliougua walikuwa 31, wakafa 7. Hata leo ugonjwa unachukua jina la mji ule. Je, umewahi kusikia mtu wa kijijini akisema kwamba Wajerumani ni watu wachafu, tusikae nao karibu? Hapana. Lakini ugonjwa huo huo ulipofika kwetu, tulianza mara moja kutafuta wa kumlaumu, naye lazima awe mnyonge.

Nasema hivyo kwa sababu vibarua hawakuwa peke yao. Ilielezwa siku zile kwamba mgonjwa mmoja wa mwanzo alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, katika ziwa letu, naye akaugua aliporudi kijijini kwao. Mara moja nikasikia watu sokoni wakisema “ugonjwa wa visiwani”. Wauza dagaa wakaanza kukwepwa. Basi ngoja niwaambie kidogo habari za visiwa, kwa kuwa wengi tunakula dagaa zake bila kujua wanaozivua.

Wilaya ya Muleba ina visiwa vingi: Goziba, Bumbire, Ikuza, Kerebe na vinginevyo. Katika mialo yake hukutani na kabila moja. Utamkuta Mjita, Mkerewe, Mkara, Msukuma, Mluo na Mhaya wamejenga vibanda ubavu kwa ubavu. Watu hawa huhama. Samaki wakipungua mwalo huu, huenda mwalo ule. Leo yuko Muleba, mwezi ujao yuko upande wa Ukerewe. Hana mwenyekiti wa kitongoji aliyemjua tangu utoto, wala parokia inayomhesabu.

Niliwahi kwenda kisiwa kimoja pamoja na katekista, muda mrefu kabla ya Marburg. Tulikuwa tumepanga kuzungumza na wavuvi juu ya usafi wa maji na kipindupindu. Tulifika asubuhi saa nne, tukapiga kengele. Walikuja watoto na akina mama wawili watatu. Tukakasirika, tukasema watu hawa hawajali. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa akatucheka. Akasema: “Baba, hawa wamevua usiku kucha, sasa wamelala. Mkitaka kuwaona, njooni mbalamwezi.” Alisema kweli. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazifai kitu, nao wavuvi hupumzika. Siku hizo ndizo wanazoshona nyavu, wanazungumza, wanasikiliza. Sisi tulikwenda kwa kalenda ya ofisi, nao wanaishi kwa kalenda ya mwezi. Ni nani basi asiyejali, yeye au sisi?

Tulirudi wakati wa mbalamwezi. Hatukupiga kengele. Tulikaa na wenye mitumbwi, na viongozi wa BMU wa mwalo, na yule mama wa dagaa. Hao ndio wanaosikilizwa pale. Mama yule alitufaa kuliko sote, kwa maana kila mvuvi hupita kwake, naye husema na Mjita kwa Kijita na Mkerewe kwa Kikerewe. Alieleza jambo letu kwa maneno machache, wakaelewa, wakauliza maswali. Kuuliza huko kulitufurahisha, maana mtu asiyeelewa haulizi kitu.

Natamani kama somo lile la kisiwani lingalinikaa kichwani mwaka 2023. Lakini mwanadamu husahau upesi.

Msidhani mambo haya ni ya Marburg tu. Katika siku za UVIKO-19, watu vijijini walisema huo ni ugonjwa wa Wachina, kisha ukawa wa Wazungu, kisha ukawa wa watu wa mjini. Maneno ya huku na huku yalipingana sana. Mwezi wa Januari 2021 maaskofu wetu walitoa onyo kwamba watu wajihadhari, na chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai mwaka huo huo. Lakini masikio ya wengi yalikuwa yamekwisha kuchoka. Ugonjwa ukiitwa wa mwingine, hakuna anayejikinga. Na habari ikichelewa, uvumi huwa umekwisha kukalia kiti chake.

Sasa, wapenzi wasomaji, tufanye nini? Sisemi kama mtaalamu. Nasema kama mtu aliyekosea, akafundishwa na mama maskini.

Kwanza, tuwajue waliopo. Kila jumuiya ndogo ndogo na ijiulize: katika eneo letu ni nani asiyesema lugha yetu? Ni nani anayekaa pembeni, rweyani, mwaloni, katika kambi ya wafugaji? Tusingoje ugonjwa ndipo tuwahesabu. Tuwajue kwa kuwasalimu.

Pili, apatikane mtu wao wa kuwasemea. Hata kama wewe ni hodari wa kuhubiri, neno la hofu husikiwa vema likitoka katika mdomo wa mtu ninayemwamini, kwa lugha niliyonyonya kwa mama. Kirundi na Kihaya vyakaribiana kama ndugu. Lakini hata ndugu haelewi kila neno, na siku ya ugonjwa neno moja lisiloeleweka laweza kuua.

Tatu, mwenye kuja kwa ajili ya ugonjwa asichanganye shughuli. Asije na askari, asiulize vibali. Aseme wazi tangu mlangoni: “Nimekuja kwa ajili ya homa tu.” Mgonjwa hutibiwa kwa kuwa ni mgonjwa. Mambo ya mipaka yana siku yake na watu wake. Mkiyachanganya, mtapata vibali vichache na makaburi mengi.

Nne, tuchunge maneno. Mimi nilisema “mgeni mwenye homa”. Ningalisema “mtu yeyote mwenye homa, awe wa kwetu au wa mbali”, maana yangu ingalibaki ile ile, na mlango wa mama yule haungalifungwa. Neno “kutengwa” nalo lielezwe: kwamba ni kutunzwa mahali pa peke yake, kwamba chakula kitaletwa, na kwamba akipona atarudi nyumbani. Usipoeleza, mtu atadhani ni kifungo.

Tano, baada ya kusema tukae tusikilize. Tumwulize aliyetusikiliza: “Umesikia nini?” Mwalimu mzuri hufanya hivyo darasani. Sijui kwa nini nililiacha jambo hili nilipopanda pikipiki.

Marburg ile ya mwaka 2023 ilikoma. Tarehe 2 Juni Serikali na Shirika la Afya Duniani walitangaza mwisho wake. Jumla ya walioupata walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki. Katika waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya, mtu aliyekufa kwa kuwatunza wengine. Tumwombee, na tuwaheshimu wenzake. Watu zaidi ya 200 waliomgusa au kumkaribia mgonjwa walifuatiliwa mmoja mmoja. Fikirini jinsi kazi hiyo ilivyotegemea watu kufungua milango na kusema kweli!

Lakini ugonjwa haukutusahau. Tarehe 20 Januari 2025 ulitangazwa tena, safari hii wilayani Biharamulo, katika mkoa wetu huu huu. Kabla ya kutangazwa mwisho wake tarehe 13 Machi, ulikuwa umehesabiwa kwa watu 10, na wote 10 walifariki. Hofu ilirudi kijijini kwetu. Kamati ikaitwa, na pikipiki ikaletwa. Safari hii nilisema: “Sipandi, mpaka tumeshuka rweyani kwanza.”

Tulishuka kwa miguu, bila kipaza sauti. Mama yule alitutangulia. Mtoto wake, aliyekuwa wa kufa, sasa yuko darasa la awali, naye alikuwa akituruka mbele kama mwana-mbuzi. Mama alibisha kila mlango akisema “Amahoro”, yaani amani. Kisha akaeleza kwa lugha yao mambo yote niliyomfundisha, na mengine nisiyomfundisha. Sikuelewa kila neno. Nilikaa kimya juu ya kigogo, mwalimu mzima, nikimsikiliza mwanafunzi wangu. Nilichoelewa ni kwamba watu walitoka nje. Watu walikuwa wakiuliza maswali. Mzee mmoja alisema kwamba mjukuu wake ana homa tangu jana, na jioni ile ile mtoto alipelekwa zahanati, akapimwa, akapewa dawa ya malaria, akarudi nyumbani.

Wazee wa Kiswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Zamani nilidhani maana yake ni zawadi tu ambazo mgeni huja nazo. Sasa naielewa zaidi. Mgeni akisikia, akaelewa, akaamini, basi na mwenyeji hupona. Mgeni akiachwa gizani, mwenyeji amelala na hatari ukutani kwake.

Na sisi Wakristo tuna sababu kubwa kupita hiyo. Siku ya Pentekoste Mitume walikuwa Wagalilaya, na mbele yao walisimama watu wa mataifa mengi. Roho Mtakatifu hakuwaamuru wageni wale wajifunze kwanza Kigalilaya ndipo wapate habari ya wokovu. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake mwenyewe. Mungu ndiye aliyeshuka hadi kwenye lugha ya kila mtu. Nami nilishindwa kushuka kilima kimoja kwa sababu ya jua kali!

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo, mkiisha kusali rozari nyumbani, ulizaneni: nyuma ya kibanja chetu anakaa nani? Tunamjua jina? Siku ya hatari ikifika, habari itamfikia kwa mdomo wa nani? Kama hamna jibu, kesho asubuhi chukueni mkungu wa ndizi, mshuke mkamsalimu.

Mungu awabariki, Bikira Maria awaombee.

Ni mimi mwenzenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Bukoba Vijijini